Maji ya Tanganyika na Joto la Mbingu: Historia ya Kifaa Tusichokitengeneza

Mgeni afikaye Ujiji kwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa mwaka 1871, mahali Stanley alipokutana na Livingstone. Mwenyeji humwonyesha miembe, humsimulia kisa, na mgeni hakawii kuuliza swali ambalo karibu kila mgeni huliuliza: mbona ziwa liko mbali? Wasafiri wa karne ya kumi na tisa waliuandika Ujiji kuwa mji wa ufukweni, soko ambalo mitumbwi iliegeshwa kando yake. Leo kutoka mnarani hadi majini ni mwendo wa kutosha kumtoa mtu jasho. Mji haukuhama. Ziwa ndilo lililoondoka.

Hata hivyo, ziwa hili lina tabia ya kurudi. Katika miaka ya karibuni, hasa 2020 na 2021, kisha tena 2024, maji ya Tanganyika yalipanda hadi viwango ambavyo havikuwa vimeonekana kwa miongo kadhaa. Kuanzia Kigoma hadi Bujumbura, Uvira na Kalemie, nyumba, barabara na mialo ya wavuvi iliingiwa na maji. Katika mazungumzo ya vijiweni swali likawa moja: maji haya yatafika wapi?

Ndugu msomaji, mtu akitaka kulijibu swali hilo leo kwa tarakimu, sehemu kubwa ya tarakimu hizo ataipata kutoka kwenye setilaiti. Ndani ya setilaiti hizo mna vipande vidogo vya chuma, vingine vyenye kuenea katika kiganja, vinavyopokea, kulinganisha na kutenganisha mawimbi ya maikrowevu. Vipande hivyo ni ndugu wa damu wa vile vilivyobuniwa kwa kazi iliyo mbali mno na maisha ya mvuvi: kusikiliza mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu. Makala haya yanasimulia undugu huo. Nayasimulia kwa sababu katika mijadala yetu ya bajeti ya elimu na utafiti tumezoea kugawa maarifa katika mafungu mawili, yenye faida na ya anasa, na historia ya kifaa hiki inaonyesha kwamba mgawanyo huo umetugharimu.

Tuanze na ziwa. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji mwezi Februari 1858 wakifuata njia ya misafara ambayo Waswahili, Waarabu na Wanyamwezi walikuwa wakiitumia kabla yao. Speke alitaka kujua ziwa liko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi gani. Mbinu ya wakati huo ilikuwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, kwa kuwa kadiri mahali palivyo juu, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Vyombo vyake vizuri vilikuwa vimeharibika safarini, akabaki na kipimajoto cha kuogea. Alipata takriban futi 1,850. Kimo halisi ni kama futi 2,500, yaani mita 770 hivi. Speke alikosea kwa karibu mita 200, na kosa hilo halikubaki kwenye daftari lake. Liliingia katika mabishano ya London juu ya chanzo cha mto Nile, watu wakapima nadharia zao kwa namba iliyotoka katika kifaa kibovu.

Wenyeji wa ufukweni walikuwa na kipimo chao, nacho kilikuwa kumbukumbu. Walijua ni mti upi ulikuwa nchi kavu wakati wa babu na sasa umesimama majini. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 aliona jambo hilo kwa macho yake: michikichi iliyokuwa sokoni mwaka 1871 ilikuwa imezungukwa na maji. Ziwa lilikuwa likipanda kwa sababu mlango wake pekee wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na mchanga, matete na tope. Verney Lovett Cameron aliufikia mlango huo mwaka 1874. Mnamo mwaka 1878 maji yaliizidi nguvu ile boma ya tope, yakaibomoa, yakaanza kumwagika kuelekea Lualaba. Edward Coode Hore, baharia wa Chama cha Wamisionari cha London aliyefika Ujiji mwaka huohuo, alishuhudia ufuko ukirudi nyuma. Katika muda usiozidi miongo miwili ziwa lilishuka kwa takriban mita kumi. Hapo ndipo Ujiji ulipoachwa nchi kavu, na bandari ya maana ikahamia kwenye ghuba yenye kina ya Kigoma.

Funzo la sura hii ya kwanza ni kwamba kupima kimo cha maji si jambo dogo. Anayepima vibaya hupotosha elimu ya kizazi kizima, na asiyepima kabisa hungoja mafuriko yamwambie.

Sura ya pili inaanzia mbali na ziwa, katika maabara ya vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani na Uingereza zilikuwa zikishindana na Ujerumani kutengeneza rada zenye mawimbi mafupi zaidi na zaidi. Katika maabara ya mnururisho ya chuo cha MIT, rada mpya ya mawimbi ya sentimita 1.25 ilileta matatizo: haikuona mbali kama ilivyotarajiwa. Mshukiwa alikuwa mvuke wa maji uliomo hewani, ambao hunyonya mawimbi ya masafa ya karibu na gigahezi 22. Ili kulithibitisha hilo, mwanafizikia Robert Dicke alibuni chombo cha kupima joto la mawimbi hayo.

Ugumu wake ulikuwa huu: kelele za chombo chenyewe zilikuwa kubwa kuliko ishara kutoka angani. Ni sawa na kusikiliza mnong'ono huku umekaa juu ya mashine ya kusaga. Ufumbuzi wa Dicke ulikuwa mwepesi kuueleza: usipime kitu kimoja, pima tofauti ya vitu viwili. Chombo chake kiligeuka mara nyingi kwa sekunde kati ya anga na kitu chenye joto linalojulikana, kikahesabu tofauti tu. Kelele iliyokuwamo pande zote mbili ikajifuta yenyewe. Kina mama wa sokoni Ujiji wanaolinganisha vibaba viwili vya dagaa kwa kuvishika mkono huu na mkono huu wanaelewa kanuni hiyo bila kufundishwa.

Dicke na wenzake walikipeleka chombo hicho Florida, mahali penye hewa yenye unyevu, wakachapisha matokeo yao mwaka 1946. Katika makala hiyo moja mna mambo mawili. La kwanza ni kipimo cha mvuke wa maji hewani. La pili ni sentensi ndogo inayosema kwamba mnururisho unaotoka angani, nje ya hewa yetu, hauzidi kelvini 20. Mvuke wa maji na joto la ulimwengu: vitu viwili ambavyo leo tunaviweka katika idara mbili tofauti vilizaliwa katika karatasi moja, kwa chombo kimoja, mikononi mwa watu walewale.

Karibu miaka ishirini ilipita. Mwaka 1964 ndio uliotuletea Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Ni mwaka uleule ambao ziwa lililoipa Tanganyika jina lake, baada ya mvua kubwa zilizoanza 1961, lilifikia kimo cha juu kabisa kwa karne ya ishirini. Na ni mwaka uleule ambao Arno Penzias na Robert Wilson, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara za kampuni ya simu huko Holmdel, New Jersey, walishindwa kuielewa kelele iliyokuwa katika pembe yao kubwa ya kupokelea mawimbi. Waliondoa kinyesi cha njiwa, wakakagua viungo, wakasubiri misimu ibadilike. Kelele haikuondoka, wala haikujali pembe imeelekezwa wapi. Ilikuwa sawa na joto la kelvini tatu na nusu hivi juu ya sifuri kamili.

Umbali usio mkubwa kutoka hapo, Princeton, Dicke na vijana wake, akiwamo David Wilkinson, walikuwa wakijenga chombo cha kuutafuta mnururisho huohuo. Walikuwa wamewahiwa. Mwaka 1965 makundi yote mawili yalichapisha. Kile kilichosikika kilikuwa mnururisho wa usuli wa ulimwengu: mwanga uliosalia tangu ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kama 380,000, ambao kwa kutanuka kwa anga umepoa hadi kuwa mawimbi ya maikrowevu yenye joto la kelvini 2.7. Penzias na Wilson walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Baada ya kulijua joto hilo, wanasayansi walitaka kujua kama lina makunyanzi. Ulimwengu wenye nyota, maziwa na watu haungeweza kutokana na supu iliyolingana kila mahali; lazima kulikuwa na mahali penye uzito kidogo na mahali pepesi kidogo. Setilaiti ya COBE ya Marekani ilirushwa mwezi Novemba 1989. Mojawapo ya vyombo vyake ilikuwa na jozi za pembe zilizotazama pande mbili tofauti za anga na kupima tofauti tu, kwa masafa ya gigahezi 31.5, 53 na 90. Ilikuwa kanuni ya Dicke ileile. Mwezi Aprili 1992 ikatangazwa kwamba makunyanzi yapo, madogo kama sehemu moja katika laki moja. John Mather na George Smoot walipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2006 kwa kazi ya COBE.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kile kipande cha chuma. Mwanga haubebi joto tu. Unabeba pia mwelekeo wa mtikisiko wake, jambo ambalo wanafizikia huliita polaraizesheni. Msomaji wa Kigoma anaweza kuliona bila maabara. Nenda ufukweni mnamo saa kumi na nusu alasiri, jua likiwa limeinama upande wa Kongo, ukiwa umevaa miwani ya jua ya aina ile ya polaroidi. Mng'ao wa maji utapungua ghafla, utaanza kuona chini ya uso wa ziwa. Kisha inamisha kichwa hadi sikio liguse bega. Mng'ao utarudi. Sababu ni kwamba mwanga ulioakisiwa na maji unatikisika zaidi kwa mlalo, na miwani yako inaruhusu mtikisiko wa wima tu. Ukigeuza kichwa, umegeuza mlango.

Mwanga wa kale nao ulipata mwelekeo wake kwa kugongana na elektroni, mara ya mwisho kabla ya ulimwengu kuwa angavu, na tena kidogo baadaye nyota za kwanza zilipowaka. Anayeusoma mwelekeo huo anaweza kujua nyota zilianza kuwaka lini, na pengine jambo la mbali zaidi: kama katika sehemu ndogo mno ya sekunde ya kwanza ulimwengu ulitanuka kwa kasi ya ajabu na kutikisa anga yenyewe. Lakini ishara hii ni dhaifu sana. Kelvini 2.7 ndiyo joto la jumla. Makunyanzi ni sehemu moja katika laki moja ya hilo. Polaraizesheni ni sehemu chache za milioni za kelvini, na ile ya mtikisiko wa mwanzo, kama ipo, ni ndogo kuliko hapo pia.

Sasa fikiria kazi ya fundi. Setilaiti ya WMAP, iliyorushwa Juni 2001 na baadaye kupewa jina la Wilkinson aliyefariki mwaka 2002, ilikuwa na pembe 20 katika jozi kumi. Nyuma ya kila pembe kulikuwa na njia panda ya mawimbi: kijisanduku kinachopokea wimbi zima na kulitenganisha, mtikisiko wa mlalo upite mlango huu na wa wima upite mlango ule. Kwa masafa ya juu ya WMAP, gigahezi 94, mfereji wa kawaida wa kupitishia mawimbi una upana wa milimita 2.54 na kimo cha milimita 1.27. Kosa la unene wa unywele katika mfereji wa namna hiyo ni kosa kubwa. Iwapo milango miwili haipokei sawasawa, tofauti ya asilimia moja tu kati yao hugeuza makunyanzi ya kawaida ya joto kuwa polaraizesheni ya uongo, yenye ukubwa unaokaribia ile ya kweli. Na chombo kikisharushwa, WMAP ikiwa kilomita milioni moja na nusu kutoka duniani, hakuna fundi wa kukifuata na bisibisi.

Kwa nini kwenda mbali hivyo? Sababu mojawapo ni rafiki yetu mvuke wa maji. Hewa yenye unyevu hung'aa katika masafa haya na kuficha anga. Waliobaki ardhini walilazimika kwenda mahali pakavu na baridi: mwaka 2002 chombo kiitwacho DASI, kilichowekwa Ncha ya Kusini, kiliigundua polaraizesheni ya mnururisho huo kwa mara ya kwanza. Lakini hata huko kuna mitego. Mwezi Machi 2014 kundi la BICEP2, pia la Ncha ya Kusini, lilitangaza kwamba limeona alama ya mtikisiko wa mwanzo. Mapema mwaka 2015 uchambuzi wa pamoja na kundi la setilaiti ya Ulaya, Planck, ulionyesha kwamba vumbi la galaksi yetu lingeweza kutoa sehemu kubwa ya alama hiyo. Planck, iliyorushwa Mei 2009, ilikuwa na masafa mengi, ikaweza kulitambua vumbi kwa rangi yake. Ndiyo maana mradi wa Japani wa LiteBIRD, ulioteuliwa mwaka 2019, umekusudiwa kuwa na masafa mengi na bamba linalozunguka mbele ya pembe, likigeuza mwelekeo wa mwanga unaoingia bila kukoma. Bamba hilo hufanya kile ulichofanya wewe ufukweni kwa kuinamisha kichwa.

Turudi ziwani, maana njia imefunguka. Miezi minne tu baada ya tangazo la COBE, tarehe 10 Agosti 1992, Marekani na Ufaransa zilirusha setilaiti ya TOPEX/Poseidon. Hii ilitazama chini. Ilipiga rada kwenye uso wa bahari na kuhesabu muda wa mwangwi kurudi. Lakini mvuke wa maji hewani huchelewesha mwangwi, na usipousahihisha utaidhania bahari iko chini kuliko ilivyo. Kwa hiyo ilibeba kipimo cha maikrowevu chenye masafa ya gigahezi 18, 21 na 37, mtoto halali wa chombo cha Dicke cha Florida, kilichokuwa kikifanya kazi ileile ya mwaka 1946. Njia ya setilaiti hiyo ilikatiza ziwa Tanganyika na kurudi kila baada ya siku kumi hivi. Kimo cha ziwa kikawa kinasomwa na mtu asiyekanyaga ufuko wake. Setilaiti za Jason na Sentinel-6 ziliendeleza kazi hiyo katika njia ileile.

Haikuwa kazi rahisi. Ziwa letu ni refu, zaidi ya kilomita 650, lakini jembamba, wastani wa kilomita 50. Ile pembe ya kupimia mvuke huona eneo pana, nayo joto la milima ya pande zote mbili huingia na kuchafua kipimo. Hivyo kwenye maziwa membamba watafiti hutumia zaidi makadirio ya hali ya hewa. Ndipo mwezi Desemba 2022 ikarushwa SWOT, ya Marekani na Ufaransa kwa ushirikiano na Kanada na Uingereza. Rada yake ina antena mbili kwenye mikono ya mlingoti wa mita kumi, na huchora uso wa maji kwa vipande viwili vya upana wa kilomita 50, kimoja kushoto na kimoja kulia. Inazuiaje mwangwi wa kushoto usichanganyike na wa kulia? Kwa mwelekeo wa mtikisiko: upande mmoja kwa mlalo, upande wa pili kwa wima. Kazi ya kutenganisha mitikisiko miwili, ambayo WMAP iliifanya kwa ajili ya nyota za kwanza, sasa inafanywa ili uso wa maji ya nchi kavu upimwe, likiwamo ziwa letu. Upana wa kila kipande ni karibu sawa na upana wa ziwa lenyewe.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma. Katika simulizi hii yote nimetaja Massachusetts, New Jersey, Ufaransa, Japani. Afrika Mashariki iko wapi? Ipo, na nafasi yake inafundisha. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyokuwa mahususi kwa elimu ya nyota ya miali ya eksirei. Kwa heshima ya siku hiyo na wenyeji, iliitwa Uhuru. Ilifungua tawi zima la elimu, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi yake alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Tulichotoa sisi kilikuwa ikweta, bahari tulivu, nguvu kazi na neno la Kiswahili. Vipande vya ndani vilikuja vimefungwa.

Kigoma inaijua hali hiyo tangu zamani. Meli ya Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika maelfu ya makasha, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kuletwa kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Mafundi watatu wa Kijerumani, mafundi wa Kihindi na wafanyakazi wengi wa Kiafrika waliiunganisha, ikashushwa majini Februari 1915. Ilizamishwa 1916, ikaopolewa, na tangu 1927 imeitwa Liemba. Lakini tazama kilichofuata. Meli iliyokuja katika makasha ilidumu kwa sababu vizazi vya mafundi wa Kigoma walijifunza kuifungua na kuifunga. Mchoro ulikuwa wa wengine, ila matengenezo yaliwafanya kuwa wenyewe. Ujuzi huingia nchini kupitia mikono inayogusa kipande. Hauingii kwa kutazama chombo kikipita.

Najua jibu litakalotolewa, na ni la haki: nchi yenye watoto wanaokaa chini darasani ina biashara gani na joto la kelvini 2.7? Sisemi tujenge Planck. Hakuna nchi moja iliyoijenga. Ufini, nchi yenye watu wachache kuliko mkoa mmoja na nusu wa kwetu iliyo mikubwa, ilitengeneza vipokezi vya Planck vya gigahezi 70. Katika SWOT, Kanada ilitoa vali za kuzalisha mawimbi ya rada, Uingereza ikatoa kifaa cha kuyaelekeza mawimbi hayo ndani ya chombo. Nchi huingia katika kazi ya namna hii kwa kuleta kipande kimoja ilichokimudu vizuri kuliko wengine. Kinachohitajika ni karakana yenye mashine ya kuchonga kwa usahihi, chombo cha kupimia mawimbi, mwalimu anayelijua somo, na uvumilivu wa miaka kumi. Hivyo si vitu vya ndoto. Ni vitu vya bajeti.

Upo pia mchango ulio karibu zaidi, ambao hauhitaji hata hivyo. Kipimo cha setilaiti hakijitoshelezi. Hulinganishwa na kipimo cha maji kilichosimama bandarini na kusomwa kila siku na mtu. Ni kanuni ya Dicke tena: kitu kisichojulikana hupimwa kando ya kinachojulikana. Mtumishi anayesoma ngazi ya maji Kigoma asubuhi na kuandika namba sahihi ni sehemu ya chombo hicho, ingawa hakuna aliyemwambia. Tarakimu za setilaiti zenyewe ziko wazi kwa yeyote, bure. Hatujanyimwa. Swali ni wangapi katika vyuo vyetu na ofisi zetu za mipango wamefundishwa kuzifungua kabla ya kutoa kibali cha kujenga ufukweni.

Speke alipima ziwa kwa kifaa kibovu, naye alau alikibeba mwenyewe. Sisi tunapimiwa kwa kifaa kizuri ambacho hatujawahi kukishika, kilichozaliwa katika maswali ambayo, kama tungekuwa sisi wenye kuyaidhinisha, tungeyaita anasa na kuyanyima fedha. Ziwa limekwisha kupanda na kushuka mara nyingi tangu michikichi ile iliposimama majini, na litapanda tena. Siku hiyo ningependa kijana wa Ujiji awe mmoja wa watakaotuambia mapema limefika wapi, na awe anakijua kifaa kilichomwambia hadi ndani, kama mafundi wa Liemba walivyoijua meli yao.